Watu Arobaini na Watatu wa Cleophus Broadnax

Siku ya Jumanne, saa kumi na nusu jioni, Renita Broadnax aliegesha gari mbele ya nyumba ya baba yake, akashusha mifuko minne ya vyakula, na Askari wa Mtoni akamfungulia geti. Maua ya mijakaranda yalikuwa yamemwagika barabara nzima na kunata kwenye soli za viatu. Askari alimpokea mifuko miwili. Sare yake ilikuwa inachuruzika maji ya mto, kama ilivyochuruzika tangu mwaka 1974, alipopigwa risasi katika dakika ya ishirini na moja ya filamu ya vita akaangukia majini.

"Baba ameamka?" Renita aliuliza.

"Ameamka. Uji amekataa."

"Na dawa?"

"Moja amemeza. Nyingine amempa Dereva amshikie."

Renita alipangusa miguu mlangoni, akaingia. Baba yake, mzee Cleophus, alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini, na Dereva amesimama nyuma yake na kidonge kiganjani. Dereva huyu alikuwa mtu wa adabu sana. Alikufa mwaka 1977 akimkinga tajiri wake, na mpaka leo hakuwahi kukaa kitini mbele ya mtu.

"Meza, baba."

"Nitameza ukinijibu. Wale wa nyumba ya wazee wamesemaje?"

"Chumba kipo. Dirisha linatazama bustani. Ila chumba ni cha mtu mmoja."

Mzee alimeza kidonge. Alitazama ukumbini, ambako watu kumi na saba walikuwa wamekaa wakitazama mchezo wa besiboli, na wengine kupitia mlango wa nyuma, uani, na wengine kwenye banda la gari. Wote walikuwa na uso wake, mmoja wa kijana, mwingine wa mtu mzima, mwingine wenye mvi za kupakwa.

"Wa mtu mmoja," alisema. "Basi siendi."

Cleophus Broadnax alizaliwa Shreveport, Louisiana, baba yake akipasua mbao na mama yake akifua nguo za watu. Kuigiza alianzia kanisani. Krismasi moja alikuwa mchungaji wa kondoo, iliyofuata akawa mfalme, na watu wa Shreveport walisema mtoto huyu akilia, hata mwenye nyumba anayedai kodi atalia naye. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, alipanda basi siku mbili na nusu mpaka Los Angeles. Alipata chumba, akapata mke, Ernestine, aliyekuwa mpishi wa shule, kisha akapata wakala wa kumtafutia kazi.

Wakala alimtazama uso muda mrefu, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Una uso mzuri wa kufa," alimwambia. "Usinielewe vibaya, Cleo. Watu wanakupenda upesi. Dakika kumi tu wanakuona kama mjomba wao. Sasa ukiuawa, wanaumia, na yule kijana mwenye filamu anapata sababu ya kukasirika. Lakini hawaumii mpaka wakaondoka ukumbini. Unanielewa? Kipimo chako ni kizuri."

"Na mimi siwezi kuwa huyo kijana mwenye filamu?"

"Huyo ameshapatikana," alisema wakala. Kila mwaka alikuwa ameshapatikana.

Basi Cleophus alifanya kazi miaka hamsini na mmoja. Alionekana katika filamu na tamthilia za televisheni mia moja na kumi na mbili, na katika hizo alikufa mara arobaini na tatu. Alipigwa risasi, alichomwa kisu, alirushwa kutoka ghorofani, aliliwa na mdudu wa sayari nyingine. Alikufa vizuri. Watu wa kazi walimsifu kwamba hakupepesa macho hata damu ya sharubati ilipomwingia kwenye kope.

Wa kwanza kuja nyumbani alikuwa Mlinzi wa Benki, mwaka 1971. Cleophus alipomaliza kazi alinawa, akavua maleba, akasaini karatasi, akaingia kwenye gari lake. Alipofika nyumbani mtu akashuka kutoka kiti cha nyuma. Ernestine alifungua mlango na mwiko mkononi.

"Cleo, huyu nani?"

"Ni yule niliyemfia leo."

"Amekula?"

"Sidhani. Walimpiga risasi kabla ya saa ya chakula."

"Haya aingie. Ila avue viatu, nimepiga deki."

Baada ya hapo walikuja wengine, mwaka hadi mwaka. Wale watu wa filamu ambao walifungua mlango tu wakasema neno na kuondoka, hao hawakuja. Walipita mlango huohuo wakaenda zao. Aliyekufa ndiye hakuwa na mlango. Alilala pale sakafuni mpaka taa zikazimwa, kisha akaamka, akatazama huku na huku, akamfuata mwenye uso kama wake.

Walikuwa wageni wema. Hawali sana. Mwizi, aliyepigwa risasi mgongoni bila kuiba kitu, aliomba radhi kila alipofungua friji. Daktari wa Chombo cha Anga hakuzoea uzito wa dunia, hivyo aliulaumu mchana kutwa, lakini aliwasaidia majirani kupima shinikizo la damu. Kulikuwa na Mpelelezi. Huyu, kabla ya kuuawa, alimwonyesha mwenzake picha na kumwambia kwamba nyumbani ana mke na watoto mapacha. Mke huyo hakuwahi kutafutiwa mwigizaji, wala mapacha. Picha ilikuwa ya watu wengine tu, ilikatwa kwenye kalenda. Mpelelezi aliishika picha hiyo miaka thelathini na minne, na kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, alikwenda dirishani.

Jirani wa ng'ambo ya ua, Bi Odessa Finch, hakuacha kuwachokoza.

"We Ernestine! Mimi mume mmoja ananishinda, wewe umejaza uwanja!"

"Njoo uchague, shoga. Wote ni mtu mmoja, na hakuna hata mmoja anayetoa takataka nje."

"Yule mwenye kofia ya udereva hatoi?"

"Anatoa, lakini ananifungulia mlango kwanza, anainama, anangoja nipite. Takataka zinaoza tukiwa bado kwenye heshima."

Sababu ya watu hao kutokwenda zao Cleophus aliijua mwaka 1979, na aliyemfundisha ni mbwa.

Katika studio wana desturi yao. Mwigizaji akimaliza siku yake ya mwisho katika filamu, msaidizi wa mwongozaji husimamisha kazi, huita kwa sauti ili kila fundi asikie: "Mabibi na mabwana, huo ndio mwisho wa kazi ya fulani!" Wote wanapiga makofi, wenye taa, wenye kamba, wapishi. Hapo yule mtu wa filamu hutoka ndani ya mwigizaji, hujinyoosha kama aliyesafiri mbali, hupita katikati ya watu na kwenda anakokwenda. Mafundi humpisha njia na kuendelea kukunja nyaya. Lakini desturi hiyo ni ya wale wenye majina kwenye ukurasa wa mbele wa ratiba ya siku. Wa ukurasa wa nyuma, akina Mlinzi wa Pili, Mtu wa Baa, Mgonjwa, hao huambiwa, "Asante, umemaliza, saini hapa."

Mwaka huo kulikuwa na mbwa wa polisi aitwaye Admirali. Alikuwa kwenye ukurasa wa mbele. Siku aliyomaliza, msaidizi wa mwongozaji wa wakati huo aliita, "Mabibi na mabwana, huo ndio mwisho wa kazi ya Admirali!" Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Mbwa wa pili, mwenye mguu wa kujeruhiwa, akatoka kwenye kivuli cha yule wa kwanza, akajikung'uta, akakimbia kuelekea vilimani bila kuchechemea. Admirali akapewa nyama.

Cleophus, aliyekuwa ameuawa saa moja kabla, alimsogelea msaidizi yule huku shati lake limelowa damu ya sharubati.

"Bwana, na mimi nimemaliza leo."

"Wewe ni nani?"

"Mlinzi wa Pili."

"Nimtangazeje mlinzi wa pili? Watu wataniuliza wa kwanza yuko wapi."

Wakacheka wote wawili, maana ilikuwa siku ndefu. Cleophus alikwenda garini, na Mlinzi wa Pili akaketi nyuma.

Ernestine aliposikia habari ya mbwa hakucheka. Alifuta mikono, akaleta Biblia ya ukoo, ile iliyotoka Louisiana na bibi yake, akafungua ukurasa wa waliozaliwa. Majina yote ya ukoo yalikuwa hapo, hata ya wale waliozaliwa utumwani, ambao bwana aliyewamiliki aliwaandika kwenye daftari lake pamoja na nyumbu.

"Kama shida ni jina," alisema, "jina ni kitu cha kumpa mtu."

Akawaita mmoja mmoja jikoni. Askari wa Mtoni akawa Lucius. Dereva akawa Fenton. Mwizi alipoulizwa anapenda jina gani alisema lolote ambalo halitumiwi na mtu, asije akaambiwa ameiba; akaitwa Ambrose. Aliyeliwa na mdudu alipewa jina la mjomba wa Ernestine, aliyepotea mtoni. Na kila aliyekuja baadaye alipewa lake kabla hajapewa sahani. Lakini jina lililo ndani ya Biblia jikoni halikufika kwenye ratiba ya siku, na Ernestine alikufa akiwa ameandika arobaini na matatu, hakuna hata moja lililoitwa.

Sasa mzee alikuwa na miaka sabini na mitano, na moyo wake umejaa maji. Daktari alisema Krismasi hataiona. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, na alimweleza Renita Jumanne hiyo, wakati mboga za sukuma zinachemka na mguu wa nguruwe jikoni.

"Sitaki kuwaacha hivi, mwanangu. Nikifa wanabaki kwako."

"Nimekua nao, baba. Fenton ndiye aliyenifundisha kuendesha gari."

"Kukua nao si kitu. Kuwarithi ndiyo kazi. Lucius miguu yake haijakauka tangu hujazaliwa. Yule wa picha kila siku yuko dirishani. Mimi nitakuwa nimelala pale kando ya mama yako, wao wanangoja nini?"

Simu ililia kabla Renita hajajibu. Alikuwa wakala, mtoto wa yule wakala wa kwanza. Kulikuwa na kazi ya siku moja katika tamthilia ya upelelezi: Mzee wa Kitandani. Anasema maneno mawili, anakufa.

"Mwambie nakuja," mzee alisema.

"Baba, huwezi hata kufika barazani."

"Mzee wa kitandani, mwanangu. Sisimami popote."

Siku ya kazi Renita alimpeleka mwenyewe. Walimvisha gauni la hospitali, lile lililo wazi nyuma, wakamlaza. Msaidizi wa mwongozaji siku hizo alikuwa mwanamke, Graciela Ybarra, mwenye redio kiunoni na kalamu tatu kwenye nywele. Alikuja kumwona, akasimama mguuni mwa kitanda.

"Mzee Broadnax! Bibi yangu alikuwa anakujua. Ukitokea tu kwenye televisheni anaweka kahawa chini, anasema, masikini, huyu hafiki tangazo la pili."

"Alikuwa na jicho zuri bibi yako."

"Mara moja ulifika tangazo la tatu. Tuliita majirani."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia Renita atoe karatasi. Majina arobaini na matatu yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye Biblia kwa herufi kubwa, na la arobaini na nne, la huyu wa leo, alilitoa mwenyewe asubuhi wakati ananyolewa: Solomon.

"Nina jambo, binti," alisema. "Hawa wamemaliza kazi yao. Hakuna aliyewaambia."

Graciela alisoma karatasi yote. Hakuuliza ni akina nani. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na mitano na alikuwa ameona wengi wakiwafuata wenzao mpaka kwenye maegesho.

"Wako wapi?"

"Renita amewaleta na basi la kanisa. Wako nje, kivulini."

"Nikiita kila mmoja na makofi, ni dakika nne," alisema Graciela. "Dakika nne ninazo. Ukimaliza wewe, nasimamisha kazi, nawaita wote. Nakuahidi." Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa nyuma wa suruali.

Kwa bahati, siku hiyohiyo ndiyo aliyomaliza kijana mwenye tamthilia. Alikuwa mpelelezi mkuu kwa miaka minane. Saa tisa alasiri Graciela alimtangaza. Makofi yalikwenda dakika kumi na moja. Keki yenye umbo la beji ilisukumwa ndani, mkubwa wa studio alizungumza, mtu wa maleba alilia begani mwa mtu wa taa. Mpelelezi mkuu akatoka ndani ya kijana na koti lake, akajinyoosha, akampa mkono kila fundi, akapita ukutani. Mzee Cleophus alipiga makofi pia, akiwa kitandani, maana kazi ya mtu ni kazi.

Zamu yake ilifika mafundi wakiwa wamebakiza dakika tisa za siku yao. Alisema maneno yake mawili. Akafa. Alikufa vizuri sana, na mwongozaji akasema imetosha. Hawakurudia.

Graciela alichomoa karatasi. Hapo redio kiunoni ikasema. Ilikuwa sauti ya ofisini.

"Graciela, funga kazi sasa hivi, kabla hatujalipa saa za ziada."

"Nahitaji dakika nne."

"Dakika nne za nini?"

Graciela alitazama karatasi. Alimtazama mzee, aliyekuwa ameshaketi kitandani, miguu inaning'inia, na Renita mlangoni, na nyuma ya Renita nyuso arobaini na tatu zimevua kofia.

"Za kutangaza watu," alisema.

"Si tumeshatangaza? Funga kazi."

Mzee ndiye aliyetikisa kichwa kwanza, kumwondolea haya. Graciela akasema kwenye redio kwamba kazi imefungwa, taa zikaanza kuzimwa moja moja.

"Kesho, mzee," alimwambia. "Kesho asubuhi, kabla hatujaanza."

Lakini kesho yake chumba cha hospitali kilibomolewa asubuhi ili kijengwe chumba cha mahakama. Na jioni ileile, kabla mzee hajaondoka, mtu mwingine alikuwa amemletea karatasi na kalamu. "Asante, umemaliza, saini hapa." Alisaini. Katika basi la kanisa walirudi watu wake arobaini na wanne, na Solomon aliketi mbele kabisa, ameshika gauni lake kwa nyuma. Bi Odessa alikuwa barazani kwake walipofika.

"Yesu wangu, Cleophus! Huyu umemleta makalio wazi?"

"Ndivyo alivyofia, Odessa. Tumtafutie suruali."

Wiki tatu baadaye, Jumapili, baada ya ibada, mzee Cleophus alikufa kwenye kiti chake akingojea kambare watoke kwenye mafuta. Alikufa bila kuanguka, bila neno, na Fenton aliyekuwa nyuma ya kiti ndiye aliyejua. Akavua kofia yake ya udereva. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaketi.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Kanisa lilijaa. Watu wa Cleophus walikaa viti vinne vya mwisho, na Graciela Ybarra aliketi nao kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Akina mama wanaowaonyesha watu viti, na glavu zao nyeupe, walisimama milangoni na pepeo za mkono. Kwaya iliimba. Mchungaji alisimama mbele ya jeneza, akafuta uso kwa leso.

"Cleophus Broadnax," alisema, "ndugu yetu, mume wa Ernestine, baba wa Renita. Kanisa, semeni nami. Amemaliza kazi yake!"

"Amemaliza!" kanisa likajibu. Wakasimama, wakapiga makofi, ngoma ikaingia, na kinanda kikafuata.

Mzee aliamka ndani ya jeneza, akanyoosha tai yake, akashuka. Magoti hayakumsumbua. Alimgusa Renita shavuni alipopita. Alitembea katikati ya kanisa akipokea mikono kulia na kushoto, na kila mtu akimwambia, "Kwaheri, kaka Cleo," "Nisalimie mama yangu." Alipofika viti vya mwisho akasimama. Aliwatazama watu wake. Wao pia walikuwa wakipiga makofi. Akafungua mlango mkubwa, akaushika, akawapungia mkono watoke.

Hawakutoka. Lucius alijaribu, aliinua mguu, lakini mguu ulirudi palepale kwenye dimbwi lake dogo la maji. Jina lililoitwa lilikuwa moja.

Mzee aliendelea kuushika mlango. Kwaya ilirudia pambio mara mbili, ikarudia mara ya tatu. Mwishowe mama mmoja wa glavu nyeupe akamkaribia, akamsemesha sikioni kwa upole.

"Mzee wangu, unaingiza upepo, na watoto wachanga wako huku."

"Nenda, baba," Renita alisema kutoka mbele. "Nitawapa chakula."

Basi akauachia mlango, nao ukajifunga polepole, kama inavyojifunga milango ya kanisa hilo.

Baada ya maziko walirudi nyumbani kula. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, sukuma, pai ya viazi vitamu. Graciela alikula kidogo. Kisha akasimama uani chini ya mjakaranda, akachomoa ile karatasi, ambayo sasa ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

"Mabibi na mabwana," aliita kwa sauti yake ya kazini, mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakabweka. "Huo ndio mwisho wa kazi ya Lucius!"

Watu wakapiga makofi, vijiko mkononi.

"Mnapiga kama mnafukuza inzi!" Bi Odessa alifoka. "Pigeni makofi ya watu!"

Wakapiga makofi ya watu. Lucius akasimama, akagusa kofia yake ya chuma, akasema, "Naam." Akangoja. Kisha akaketi. Graciela aliita majina yote arobaini na manne bila kuruka, na kila aliyeitwa alisimama, akasema naam, akaketi. Mpelelezi aliposimama aliinua na picha yake, ili nao wahesabiwe. Mwisho Graciela alikunja karatasi.

"Sauti yangu ina kasoro?" alimwuliza Renita.

"Sauti nzuri. Mahali ndipo pana kasoro. Hawakufia hapa."

"Jumatatu," alisema Graciela. "Jumatatu nikiwa kazini nitawaita kutoka huko. Hata kama hawapo, nitawaita. Nitaanza na hao, halafu nitatangaza kila mtu, kila siku, wa nyuma kwa mbele."

"Chukua pai," Renita alimwambia, na kumfungia vipande viwili kwenye karatasi ya alumini.

Jumatatu, katika chumba cha mahakama, Mlinzi wa Kizimbani alipigwa risasi na mtuhumiwa aliyempokonya bunduki. Aliyeigiza alikuwa Lamont Gaskins, mtu wa miaka thelathini na minane, kutoka Georgia, ambaye wakala wake alikuwa amemwambia ana uso unaopendwa upesi. Alikufa saa sita kasoro dakika mbili. Saa sita ilikuwa saa ya chakula, na chakula kikichelewa hata dakika moja, ofisini huulizwa maswali.

Graciela alisogeza redio mdomoni. Karatasi ilikuwa mfukoni. Mafundi walikuwa wamegeuka wanamtazama, wanamngojea aseme. Alitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa ya bandia, akatazama ya mkononi.

"Chakula," alisema.

Wote wakaenda kula. Mtu alimpelekea Lamont karatasi ya kusaini. Graciela aliwakuta kwenye maegesho, Lamont akitafuta funguo, na Mlinzi amesimama kando ya mlango wa nyuma, shimo kifuani, akingoja kufunguliwa.

"Mke wangu ataniuliza huyu nani," Lamont alisema. "Tuna chumba kimoja, dada."

"Najua."

Graciela alichomoa karatasi ya majina. Chini kabisa palikuwa na nafasi nyeupe. Akaichana nafasi hiyo taratibu, asiharibu jina la Solomon, akaandika anwani.

"Mpeleke hapa. Dada wa nyumba hiyo anajua wanachokula."

Mlinzi aliingia kiti cha nyuma, akafunga mkanda.

Kesho yake, Jumanne, saa kumi na nusu jioni, Lucius alifungua geti. Renita hakuwa ameuza nyumba. Alikuwa amehamia, na meza alikuwa amenunua ndefu. Alimtazama Mlinzi kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu. Vua viatu, nimepiga deki. Unaitwa nani?"

"Mlinzi wa Kizimbani."

"Hiyo ni kazi. Keti."

Mlinzi akaketi kando ya Solomon, ambaye sasa alikuwa amevaa suruali ya mzee. Ukumbini wengine walisogea kumpa nafasi mbele ya besiboli. Gari lilipunguza mwendo barabarani, na Mpelelezi akaenda dirishani. Renita alileta Biblia, akaifungua ukurasa wa waliozaliwa, akatafuta mahali. Aliandika jina kwa herufi ndogo, ndogo kuliko za mama yake, maana ukurasa ulikuwa unakaribia kuisha, na studio zilikuwa zinafunguliwa kesho saa kumi na mbili asubuhi.